Hamia Dar, Bobea Hesabu: Uongo Tunaolishwa Watengeneza Programu wa Kigoma

Bibi yangu wa Ujiji aliambiwa kwamba mjukuu wake siku hizi anaishi kwa kuandika kodi. Akafikiri kidogo, akauliza: "Ya nyumba au ya serikali?" Tulicheka sana siku ile, maana kodi yetu sisi ni yale maagizo tunayoiandikia kompyuta (code). Lakini nimesikia mambo ya ajabu kuliko hilo kuhusu kazi hii, tena kutoka kwa watu wenye kompyuta mapajani. Niyataje yale yanayowapoteza zaidi wadogo zangu wa hapa.

"Ni kazi ya vichwa vya hesabu"

Vijana wa Mwanga na Gungu, mitaa ya hapa Kigoma, hunijia wakiwa wameshajihukumu kwa alama za kidato cha nne. Ukweli ni kwamba programu ya duka, ya SACCOS au ya stoo ya mawese inataka kujumlisha, kutoa, asilimia, na akili ya kupanga mambo: ikiwa hivi basi vile, isipokuwa pale. Hesabu nzito zipo, ila zina mitaa yake: michoro ya michezo, ufichaji wa siri, mashine zinazojifunza. Ukitaka kuhamia huko, rudi kwanza kwenye matriksi na takwimu.

Hesabu zinazotuumbua sisi wa kawaida ni ndogo mno. Iambie JavaScript au Python, lugha tunazoandikia programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Si kosa la mashine. Kompyuta hutunza namba kwa kizio cha mbili, yaani kwa 0 na 1 tu, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika kizio hicho, kama theluthi isivyoisha ukiiandika kwa nukta. Kwa hiyo hela hutunzwa kwa namba kamili, senti kwa senti. Pale Kibirizi, mwalo wetu wa ziwani, mfanyabiashara anaweza kushika shilingi, faranga za Burundi na dola za kutoka Kongo kabla ya jua la mchana, na visehemu hivyo vikijilimbikiza hakuna atakayekuelewa.

"Ukishajua kuandika kodi, umeiva"

Hili ndilo lililoniadhibu mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimtengenezea programu mama mmoja anayenunua dagaa kwa jumla pale Kibirizi. Anaingiza manunuzi na mauzo kwenye simu, na ikifika saa mbili usiku anapata meseji ya hesabu za siku ikilinganishwa na wiki iliyopita. Wiki mbili za mwanzo alinisifia kwa kila mtu. Halafu meseji zikabadilika: "Tahadhari! Mauzo yameshuka kwa asilimia 100." Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu akanipigia.

"Mwanangu, hiki kitu chako hakijui kama kuna mbalamwezi?"

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawakusanya, nyavu zinawachota. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Kila mtoto wa Kibirizi anajua hilo. Mimi niliyekulia Mwanga nilijua pia, ila haikunijia kwamba jambo la ziwani linahusu jedwali langu. Kurekebisha kulinichukua jioni moja: badala ya kulinganisha wiki kwa wiki, nikalinganisha mwezi mwandamo kwa mwezi mwandamo, siku 29 na nusu hivi. Kurudisha imani ya yule mama kulichukua zaidi ya jioni moja.

Tangu siku ile, kabla sijafungua kompyuta nakaa kwa mteja siku mbili tatu nikitazama tu. Nauliza ndoo ya hapa ni lita ngapi, nani anakopeshwa, nini huandikwa kwenye daftari na nini hubaki kichwani. Wenzangu huniambia napoteza muda.

Na meseji hizohizo zina mtego mwingine. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160. Ukitumia alama moja tu isiyomo katika orodha ya herufi za simu, kikomo kinashuka hadi 70. Sasa, kile kikoma cha juu kwenye "ng'ombe" kikiwa kimenyooka, hakuna shida. Kikiwa kimepinda, kama programu nyingi za kuandikia zinavyokipinda zenyewe bila kukuuliza, meseji yako ya herufi 120 inatozwa kama mbili. Kwa lugha yetu yenye ng' kila kona, mtu anaweza kulipa mara mbili mwaka mzima asijue.

"Ukikabidhi, umemaliza"

Waliokaa kwenye kazi hii watakwambia kwamba sehemu kubwa ya gharama ya programu huja baada ya kukabidhi. Simu zinabadilika, sheria zinabadilika, mteja anafungua tawi Kasulu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hata orodha ya wadeni wa duka, yenye majina na namba zao za simu, si kitu cha kuachwa wazi kwenye kompyuta ya kaunta.

Bei nayo ipangwe hivyo. Niliwahi kumfanyia kazi mwenye duka la jumla kwa maneno matupu, tena maneno ya heshima, "tutaelewana tu, kijana wangu." Nilirekebisha programu yake kwa miezi saba. Hatukuelewana. Siku hizi naandika karatasi moja: malipo ya awali, malipo ya kukabidhi, ada ya matunzo kila mwezi, na kodi ni mali ya nani. Mteja mzuri haikatai karatasi hiyo.

"Lugha ya zamani imekufa, kimbilia mpya"

Lugha ya programu iitwayo COBOL ni ya mwaka 1959 na bado inafanya kazi katika mabenki. Python ilitoka 1991, JavaScript 1995. Shika moja, uijue mpaka uweze kusoma kodi ya mtu mwingine bila kutukana.

"Digrii haina maana"

Inategemea unagonga mlango wa nani. Nafasi za TEHAMA zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hutaja cheti, diploma au digrii, na huna pa kubishania. Mwenye duka la mawese hajawahi kuniuliza nilisoma wapi. Kiingereza, hata hivyo, hukikwepi popote: maelezo ya zana zetu karibu yote yameandikwa hivyo. Cha kusoma kinatosha kuanzia. Cha kuongea kitakuja.

"Akili bandia imeshaimaliza kazi hii"

Naitumia kila siku, na inaandika haraka kunizidi. Niliwahi kuiomba inipangie ripoti ya mauzo ya dagaa. Ikanipa kodi safi kabisa, inayolinganisha wiki kwa wiki.

"Bila kuhamia Dar hutoki"

Hapa nusu ni kweli, nami sitaificha nusu hiyo. Anayeanza hujifunza upesi akikaa karibu na aliyemtangulia, mtu wa kumkagulia kodi na kumwambia "futa hii yote." Watu hao ni wengi zaidi Dar.

Ila mji wenyewe haumfundishi mtu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, aliitengeneza Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotawanyika duniani, na ilitengenezwa ili historia nzima ya kazi yako ikae kwenye kompyuta yako. Mtandao ukikatika Mwanga, unaendelea kuhifadhi hatua zako, ukirudi unazituma zote kwa wenzako. Mfumo wa DHIS2, ambamo taarifa za afya za nchi yetu hukusanywa, chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kodi yake iko wazi. Unaweza kuisoma ukiwa Katonga, hapahapa Kigoma. Ukifanya kazi na watu wa Berlin, saa tatu yao ya asubuhi ni saa nne au saa tano yako, kulingana na majira yao. Na watu wa San Francisco, jiandae kukesha: wao wakifungua ofisi asubuhi, wewe ni saa moja au saa mbili usiku. Nunua laini za mitandao miwili na betri ya akiba kabla ya kununua kiti kizuri.

Mdogo wangu alipopata nafasi Dar kwenye timu ya watu sita, sikumzuia. Reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na shangazi alimfungia dumu la mawese na mfuko wa dagaa. Mwezi wa kwanza alinipigia mara moja tu, kuniuliza kama bado ninayo ile programu ya dagaa, kwa sababu bosi wake alitaka kuona jinsi nilivyoihesabu mbalamwezi.