Nywele za kisogoni zikihamishwa, pale zilipotoka hazioti tena

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga, toka Ngamiani hadi Raskazone, kuna ujumbe usiokoma: kupandikiza nywele, yaani kuzitoa kisogoni na kuzihamishia penye upara, ni kazi ya mashine, na kisogoni zilipotolewa huota tena, basi tafuta bei ndogo tu.

Si kweli. Kinachohamishwa ni kipande kidogo cha ngozi chenye mizizi ya nywele 1 hadi 4, na pale kilipotoka haioti nyingine. Daktari akichota kupita kiasi, kisogo hubaki na mabaka. Watu huchanganywa na jambo moja: kisogo hunyolewa kabla ya kazi, na nywele ambazo hazikuguswa zikirefuka hufunika matundu, kionekane kimejaa.

Kwa nywele zetu za kipilipili ugumu unazidi. Mzizi hupinda chini ya ngozi. Asiyezoea huukata katikati, ukafa. Kwa hiyo muulize daktari: nani hasa atatoboa ngozi kuchota mizizi, wewe au msaidizi? Umeshawahudumia wenye nywele kama zangu? Omba picha za miezi 12 baada ya kazi, mwanga uleule, kisogo kikionekana. Mapema zaidi hazithibitishi kitu, maana zilizopandikizwa hupukutika wiki za mwanzo na kuanza kuota upya kwenye mwezi wa 3 au 4. Jina lake litafute kwenye rejista ya madaktari ya nchi anakofanyia kazi. Na kama vidonda vyako huacha makovu yanayovimba, mwambie kabla ya kulipa chochote.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.