798 ya Beijing haikujengwa na Warusi

Wageni wengi wanaofika 798, mtaa wa sanaa kaskazini mashariki mwa Beijing, huambiana kwamba majengo yake, yaliyokuwa viwanda, yalijengwa na Warusi. Si kweli. Ni kweli Wasovieti walikuwa wakiisaidia China miaka ile, lakini kiwanda hiki cha vifaa vya elektroniki kilisanifiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ujenzi ulianza 1954, uzalishaji ukaanza 1957. Jina lenyewe ni namba ya siri tu, kama vilivyopewa viwanda vya kijeshi.

Jambo hili lina uzito, kwa sababu ukijua mkono wa nani ulichora, unaliona jengo upya. Simama ndani ya karakana kubwa, inua macho. Paa limepandana kama meno ya msumeno, na kila jino lina dirisha refu linalotazama kaskazini. Huko jua halipigi moja kwa moja, kwa hiyo mwanga huingia mpole, bila kivuli kikali. Ulikusudiwa mafundi, leo unaziangukia picha na sanamu. Kwenye matao ya zege bado yapo maandishi mekundu ya kumsifu Mwenyekiti Mao, na mimi nashukuru hayakupakwa chokaa.

Kuingia mtaani ni bure, ingawa baadhi ya maonyesho yana kiingilio. Usiende Jumatatu: kumbi nyingi hufungwa.