Ukilipia Feedly au Inoreader, umelipia upangaji tu

Feedly na Inoreader ni zana zinazokukusanyia habari mpya za tovuti nyingi mahali pamoja, na watu huniuliza kama wakizilipia watasoma humo hata magrupu ya WhatsApp. Hapana, kulipia hakukuletei magrupu hayo. Hakukuletei grupu la Facebook la wauza dagaa wa Kibirizi, wala akaunti binafsi ya Instagram ya mtu yeyote. Hapa Kigoma naulizwa hili na wafanyabiashara, na watangazaji wa redio, na maofisa habari wa halmashauri, na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa kwamba kasoro iko kwenye kifurushi cha bure, akilipa vyote vitafunguka. Inaniuma, kwa sababu watu wanatoa pesa zao kwa kitu ambacho hakipo.

Zana hizi husoma kile ambacho mtandao wenyewe umekubali kukitoa, kwa njia ya RSS (mlisho wa habari mpya ambao tovuti huutoa) au API (mlango ambao programu nyingine huchotea data za mtandao huo). Mtandao ukifunga, zana zote zinafungiwa, ya bure na ya kulipia. Mwaka 2023 Twitter iliondoa API ya bure ya kusomea machapisho yake, na Agosti mwaka huohuo TweetDeck, zana yake ya kufuatilia machapisho mengi kwa pamoja iliyokuwa bure, ikabaki kwa waliolipia X peke yao. Aprili 2024 Meta, kampuni yenye Facebook, iliondoa API ya magrupu ya Facebook. Agosti 2024 ikafunga CrowdTangle, zana yake ya kufuatilia machapisho ya wazi ya Facebook na Instagram. Hakuna kifurushi cha Feedly wala Inoreader kinachoweza kurudisha hivyo.

Vinavyoingia vizuri: tovuti na blogu (nyingi za WordPress, ongeza /feed/ mwisho wa anwani), akaunti za mtandao wa kijamii wa Mastodon (ongeza .rss mwisho wa anwani), na chaneli za YouTube. Kwa YouTube bandika kiungo cha chaneli. Kikigoma, tafuta kitambulisho chake kinachoanza na UC, ukiweke mwisho wa youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id=. Utapata video 15 za karibuni, basi.

Sasa kinacholipiwa kweli ni vichujio, yaani maneno unayoiwekea zana ikuchagulie habari, na hapo ndipo Kiswahili kinapowaangusha wengi. Kichujio hakijui sarufi, kinalinganisha herufi tu. Ukiandika "uvuvi", habari yenye "wavuvi" peke yake inakupita. Kama zana inakubali kipande cha neno, andika "vuvi": utapata uvuvi, mvuvi na wavuvi, pamoja na mahubiri machache ya uvuvio, ambayo yanavumilika. Usithubutu kuweka "vua", kwa maana utaletewa kila habari ya mvua nchini. "Vuliwa" nayo italeta samaki waliovuliwa pamoja na viongozi waliovuliwa madaraka.

Chukua mfano unaogusa mifuko ya watu hapa: ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na mfanyabiashara anayetaka kulipata tangazo kama lile mapema anaweka kichujio "kufungwa". Anakosa "limefungwa" na "litafungwa". Akibadili kuwa "fung", anamwagiwa mabao, ndoa, mfungo wa Ramadhani na waliofungwa jela. Jibu ni kuunganisha masharti mawili: kichwa cha habari au maandishi yawe na "Tanganyika", NA yawe na mojawapo ya "fungw", "funguliw", "pumzish", "sitish" au "simamish", maana kila mwandishi ana kitenzi chake. Hata hivyo "Tanganyika" peke yake italeta uhuru wa Desemba 9, chama cha mawakili, na Wilaya ya Tanganyika iliyoko Katavi. Ukidai "Ziwa Tanganyika" kwa ukamilifu, unampoteza anayeandika "Ziwa la Tanganyika". Mimi huiacha "Tanganyika" na kuondoa "mawakili" na "uhuru" kwa sharti la kukanusha. Bado takataka zinapenya, na sijaona fomula inayozimaliza bila kula habari ya kweli. Kati ya hasara hizo mbili, bora usome takataka.

Ukitaka habari za Mwanga ya hapa Kigoma mjini, usiweke "Mwanga" kama chanzo chako ni cha kitaifa. Utaletewa Mwanga ya Kilimanjaro na habari za taa. Majina ya wilaya zetu nyingine, Kasulu, Kibondo, Uvinza na Buhigwe, hayana shida hiyo.

Mihtasari ya akili bandia ninaitilia shaka kwa Kiswahili. Ijaribu kwa habari ambazo umeshazisoma mwenyewe kabla ya kuilipia. Mwenye vyanzo ishirini au thelathini, kwa maoni yangu, abaki na bure.

Ukiamua kulipa, lipa kwa mwezi kwanza, si kwa mwaka. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inatosha, ila zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo kama bado unajaribu. Kisha nenda kwenye mipangilio, pakua faili la OPML lenye orodha ya vyanzo vyako vyote, ulihifadhi nje ya zana. Faili hilo linakubaliwa na zana nyingine za aina hii, kwa hiyo ukihama hutaanza kuingiza chanzo kimojakimoja. Vichujio havimo ndani yake. Hivyo viandike pembeni.