Harakati sio haraka

Juzi hapa Mikindani kwenye kahawa jamaa kasema tena, eti wanaharakati wamefanya haraka mpaka Kenya washahalalisha ndoa za jinsia moja, na watu wakaitikia. Hapana jamani. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema tu kwamba kundi linalotetea watu wa mapenzi ya jinsia moja lisinyimwe kusajiliwa kama shirika. Sheria ya jinai kule haikuguswa, ndoa ndo kabisa.

Kutambuliwa kisheria, kwa ufupi, ni dola kuwaandika watu wawili kuwa ni familia, basi mirathi, mafao na watoto vinafuata. Kwetu Tanzania sheria ya ndoa ya 1971 inataja mwanamume na mwanamke.

Ila kinachoniuma ni hili neno harakati. Watu wakilisikia wanawaza fujo na papara, na sisi wa Mtwara akili inakimbilia vurugu za gesi 2013. Neno ni la Kiarabu, haraka kule ni mwendo, kitu kusogea, sio kuwahi, na harakati ndo wingi wake. Aliyepita madrasa anazijua, fataha, kasra, dhumma, zile alama zinazoipa herufi sauti, zenyewe zinaitwa harakati. Herufi ikikosa inapewa sukuni, imetulia tu.

Na sheria iko hivyohivyo, maneno yanakaa pale yametulia mpaka watu wayasogeze. Afrika Kusini wanaharakati walipigania mwelekeo wa kimapenzi utajwe kwenye katiba ya 1996 kati ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, ukatajwa, lakini ndoa haikuja siku hiyo, ikabidi waende kesi kwa kesi, 1998 kosa la jinai la mapenzi ya wanaume kwa wanaume likafutwa, 2002 mwenza wa jaji akapata haki ya mafao, mwaka huohuo wenza wakaruhusiwa kuasili watoto pamoja, ndo Desemba 2005 kwenye kesi ya Fourie, ya wanawake wawili waliotaka kuoana, mahakama ikaliachia bunge miezi 12 lirekebishe sheria ya ndoa, na sheria ikatoka Novemba 2006. Denmark chama chao kilianza 1948, sheria ikaja 1989, tena ilikuwa usajili wa wenza tu, kuitwa ndoa mpaka 2012. Miaka yote hiyo mtu anaiitaje haraka?

Kwa hiyo kaka yangu wa pale kwenye kahawa, ukitaka kusema watu wamekurupuka, sema pupa, neno lipo. Na ile ya Kenya sema shirika limepata haki ya kusajiliwa.