Eksirei haina kitu, mbona kifundo cha mkono bado kinauma?

Kifundo cha mkono kina mifupa mingapi?

Minane, yote midogo, imepangwa safu mbili kati ya kigasha (sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kifundo) na kiganja. Safu ya upande wa kigasha, ukianzia kwenye kidole gumba, ina skafoidi, lunati, trikwetramu na pisifomu. Ya upande wa vidole ina trapeziamu, trapezoidi, kapitati na hamati. Huna haja ya kuyakariri majina hayo, ila lile la kwanza, skafoidi, litunze. Pisifomu unaweza kuigusa sasa hivi: legeza mkono, bonyeza mwanzo wa kiganja upande wa kidole kidogo, kwenye mkunjo. Ile punje ngumu inayochezacheza ni mfupa kamili.

Kwa nini wachezaji vijana hupimwa umri kwa picha ya kifundo?

Kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa sehemu hiyo ikiwa bado gegedu tupu, yaani tishu laini kuliko mfupa. Kapitati huanza kugeuka mfupa miezi michache baadaye, na pisifomu hufuata mwisho kabisa, mtoto akiwa na miaka 9 hadi 12 hivi. Kinachoangaliwa kwa wanasoka, hata hivyo, ni ncha ya radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Ncha hiyo ikishaungana kabisa na mfupa wake, karibu ni hakika kuwa kijana amevuka miaka 17. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) kwa kazi hiyo kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009.

Niliteleza nikajikinga kwa kiganja. Eksirei haikuonyesha ufa, lakini wiki imepita na upande wa kidole gumba bado unauma. Nina nini?

Picha hiyo isiwe neno la mwisho. Kiganja kikigonga chini huku mkono umekunjika kwa nyuma, skafoidi hubanwa kwa nguvu, na kati ya ile minane ndiyo inayovunjika mara nyingi zaidi. Ufa wake waweza kuwa mwembamba kiasi kwamba eksirei ya siku ya kwanza isiuone.

Jipime hivi. Onyesha dole gumba. Chini ya kidole gumba, upande wa nyuma ya mkono, zitajitokeza kano zikiwa na kishimo katikati. Skafoidi iko ndani ya kishimo hicho. Kibonyeze taratibu, kisha fanya vivyo hivyo mkono wa pili. Ule ulioumia ukiuma wazi kuliko mwenzake, rudi hospitali na uwaambie ni wapi hasa panauma. Daktari makini atakufunga kana kwamba umevunjika, halafu arudie eksirei baada ya siku 10 hadi 14, au akupeleke kwenye CT (eksirei ya kina zaidi) au MRI kama ipo. Usidanganyike kwamba vidole vinacheza na uvimbe ni kidogo. Skafoidi iliyovunjika huruhusu yote mawili.

Mfupa mdogo hivyo, haraka ya nini?

Damu. Skafoidi inalingana na korosho kwa ukubwa na umbo, na sehemu kubwa ya damu yake huingilia upande wa vidole, kisha inarudi nyuma kuelekea kigasha. Ikivunjika katikati, kipande cha nyuma hukatiwa njia. Kinaweza kukataa kuunga, au kufa kabisa, na baada ya miaka kiungo kinasagika na kukuuma kila unapokamua nguo. Ukiwahi, mara nyingi inatosha kufungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita POP, kwa wiki 6 hadi 12. Wengine huwekewa skrubu ndogo.

Je, nikandwe na fundi wa mifupa kwanza?

Hapana. Kukanda na kuvuta kunatikisa vipande vinavyohitaji kutulia. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, uinue mkono.

Usiku vidole vinakufa ganzi, ingawa sikuanguka. Ni skafoidi?

La. Mbele ya ile mifupa minane, upande wa kiganja, pana njia nyembamba inayopitisha kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, ganzi huja kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Huwapata sana wajawazito na wenye kisukari. Ikiwa kidole kidogo ndicho chenye ganzi, chanzo kitafutwe kwingine.

Ni lini nisingoje hata kesho?

Baada ya kuanguka, mkono ukipinda, mfupa ukitoboa ngozi, au vidole vikiwa baridi, vimepauka au havihisi chochote, nenda hospitali muda huohuo. Hata ikiwa ni usiku wa manane.