Je, Wajua? Hekalu la Parthenon Halikuangushwa na Uzee

Ukiitazama picha ya Parthenon, juu ya kilima cha Acropolis jijini Athens, Ugiriki, ni rahisi kudhani unaona kazi ya miaka: mvua, jua na karne 24 zilizopita juu ya mawe. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, na nikawaeleza wengine hivyohivyo. Sivyo ilivyokuwa. Hekalu lile lilisimama na kuta zake, nguzo zake na sanamu zake nyingi kwa zaidi ya miaka 2,100, kisha likavunjika katikati siku moja, tarehe 26 Septemba 1687.

Lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK kwa ajili ya mungu wa kike Athena, enzi za Pericles, kiongozi wa Athens. Baadaye likawa kanisa la Bikira Maria, na Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walipoitwaa Athens katika karne ya 15, likawa msikiti wenye mnara wake. Kila dini iliyoingia ilibadilisha kitu. Hata moto mkubwa ulipoteketeza paa zamani za Warumi (wanahistoria bado wanabishana juu ya mwaka), liliezekwa tena. Jengo linalotumika hupata mtu wa kuziba linapovuja. Mwaka 1674 msanii mmoja aliyefuatana na balozi wa Ufaransa alizichora sanamu za hekalu, na michoro yake inaonyesha nyingi zikiwa bado mahali pake. Ilikuwa imebaki miaka 13 tu.

Kilichotokea ni vita. Jamhuri ya Venice (leo ni mji wa Italia) na washirika wake walikuwa wakipigana na Waturuki, na mwaka 1687 jeshi la Francesco Morosini liliizingira Acropolis. Waturuki waliokuwa ngomeni walihifadhi baruti ndani ya Parthenon, na familia zao zikajificha humohumo. Inashangaza, kwa kuwa katikati ya karne hiyohiyo baruti iliyowekwa kwenye lango kuu la Acropolis ilikuwa imelipuka na kulibomoa. Wapo wanaosema Waturuki walitumaini kwamba Wakristo wasingepiga jengo lililowahi kuwa kanisa. Ni maelezo yanayowezekana, ingawa kuta nene za marumaru zingetosha kuwa sababu. Kombora moja lilipenya paani. Mlipuko ulisukuma kuta nje, ukaangusha nguzo kadhaa za pande zote mbili ndefu, na taarifa za wakati ule zinataja vifo vya watu wapatao 300. Venice yenyewe haikukaa Athens hata mwaka mmoja.

Kwa hiyo pengo unaloliona katikati ya hekalu ni alama ya baruti. Sanamu zinazokosekana ni habari nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waturuki, waling'oa karibu nusu ya zile zilizobaki, na mwaka 1816 serikali ya Uingereza ikazinunua. Kibali anachodaiwa kupewa kinajulikana kwa tafsiri ya Kiitaliano tu. Ndiyo maana ugomvi haujaisha, na mwaka 2023 Waziri Mkuu wa Uingereza alifuta mkutano na mwenzake wa Ugiriki kwa sababu ya mawe hayo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba baadhi ya nyufa mbaya kabisa zililetwa na watu waliokuja kulitengeneza.

Ugiriki ilipojitawala, Acropolis ikawa uso wa taifa jipya, na kila kilichojengwa juu yake baada ya Wagiriki wa kale kikaanza kuondolewa, pamoja na msikiti mdogo uliokuwa katikati ya magofu. Kisha, kuanzia mwaka 1898, mhandisi Nikolaos Balanos akapewa kazi ya kuyainua mawe yaliyoanguka. Aliyaunga kwa chuma.

Wagiriki wa kale nao walitumia chuma. Parthenon haina saruji wala chokaa kati ya mawe yake. Yamekaa jiwe kwa jiwe, yakishikwa na vibano vya chuma vyenye umbo kama herufi H. Lakini fundi wa kale alichonga shimo kubwa kuliko kibano, akakilaza ndani, kisha akamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa mpaka shimo likajaa. Risasi ilikinga chuma na maji. Tena, kwa kuwa ni laini, ilikuwa kama godoro jembamba kati ya chuma na jiwe pale ardhi ilipotikisika.

Balanos hakuweka kinga hiyo. Maji yakaingia, chuma kikashika kutu, na kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilichoizaa. Jaza chupa ya kioo maharage makavu, mimina maji, ifunge sawasawa, uiache usiku kucha. Maharage yatavimba, na yakikosa pa kwenda yatapasua chupa. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ameliona jambo hili kwa macho yake: nguzo ya zege karibu na bahari hupata ufa wa wima, kisha vipande vinamenguka na nondo zinaonekana zikiwa nyekundu. Watu husema chumvi imekula zege. Chumvi ilianzisha kutu tu. Nondo iliyovimba ndiyo iliyolipasua zege kutoka ndani. Ndivyo yalivyofanyika marumaru ya Parthenon. Moshi wa jiji nao ulikuwa ukiyala kwa nje, hivyo si kila doa ni la Balanos.

Mwaka 1975 Ugiriki iliunda kamati ya kuihifadhi Acropolis, na tangu miaka ya 1980 mafundi wamekuwa wakiyashusha mawe, kung'oa chuma chenye kutu na kuweka metali ya titani, ambayo haishiki kutu. Wanarekebisha kosa lingine pia, maana Balanos aliweka mawe mengi pasipo pake. Sakafu ya hekalu imepinda juu kidogo katikati, kiasi cha sentimita 11 kwenye upande mrefu, na nguzo zimeinamia ndani, kwa hiyo kila jiwe lina mahali pamoja tu linapokaa barabara.

Na vibano hivyo vipya havikutengenezwa viwe na nguvu zote zinazowezekana. Unene wake hupigiwa hesabu ili tetemeko likija, titani ikatike kabla marumaru hayajapasuka.