Breki ya umeme kwenye mota: yasemwayo karakana na yaliyo kweli

Kwenye karakana za mbao za Ndeeba, hapa Kampala, msumeno wa duara ukizimwa huendelea kuzunguka kimya kimya. Ukimya huo ndio unaokula vidole: mtu hudhani umeshasimama. Ndiyo maana nawasihi mafundi wenzangu wafunge breki ya umeme, yaani kuusimamisha mzunguko wa mota kwa umeme wenyewe, ila kuna maneno ya mtaani ya kuondoa kwanza.

Wapo wanaoamini kwamba breki hiyo hurudisha umeme kwenye laini na kupunguza bili. Breki nyingi za karakana hazirudishi chochote. Nguvu ya mzunguko huishia kuwa joto tu. Kwa inveta (kifaa cha kuongoza mwendo wa mota) yenye rezista, joto hutokea kwenye rezista. Kwa breki ya DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri unaoingizwa kwenye mota, hubaki ndani ya rota, sehemu ya mota inayozunguka.

Wengine huogopa kwamba DC itaunguza mota. Itaunguza ukiizidisha au ukiisahau ndani. Kontakta (swichi inayovutwa na umeme) ya kwanza hukata fezi zote tatu, yaani nyaya za umeme za mota, sumaku iliyobaki hupewa muda mfupi ififie, kisha kontakta ya pili huingiza DC kwenye nyaya mbili za mota. Volti chache zinatosha, maana DC hukuta ukinzani wa waya peke yake. Katika mota ya poli 4 (ncha nne za sumaku) kwa hezi 50, sumaku iliyokuwa ikizunguka mara 1,500 kwa dakika sasa imetulia tuli, na rota inayoikata huvutwa hadi ikome. Hapo taima ikate DC.

Kubadilisha fezi mbili ili mota ijipinge yenyewe huonekana rahisi zaidi. Mimi siupendi mtindo huo kwa msumeno. Joto la rota hufika takriban mara tatu ya lile la DC, nati ya bleidi yaweza kulegea, na pasipo swichi ya kuhisi mwendo, mota hugeuka kinyume.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba mota iliyosimamishwa kwa DC imeshikwa. Nguvu ya breki hiyo hupungua mwendo unapokaribia sifuri, na ikishatulia haipo. Shika kapi kwa mkono, utaliona likizunguka polepole. Tena umeme wa mtaa ukikatika msumeno ukiwa kasi, DC nayo haipo. Kwa winchi inayoinua injini ya gari, funga breki ya springi: umeme huiachia, umeme ukikatika springi hukaba.